Arrival: jinsi Louise anavyoifungua lugha ya wageni, na mahali filamu inapotia chumvi

Watu wengi humaliza kuitazama filamu ya Arrival wakiwa na uzito kifuani na swali lisilokaa sawa: yule binti wa Louise, mhusika mkuu, alikufa lini hasa, kabla ya wageni kutoka anga za mbali kuja au baadaye? Huwezi kulijibu vizuri bila kupitia isimu, yaani taaluma ya lugha, kwanza, kwa sababu filamu yote imesimama juu ya dai moja kuhusu lugha. Sehemu kubwa ya yale Louise anayoyafanya ndani ya chombo cha wageni ni kazi halisi ya wanaisimu, hatua kwa hatua. Dai lenyewe, kwamba ukiijua lugha fulani utaona yajayo, limetiwa chumvi mno. Filamu haikuambii wapi la kwanza linaishia na la pili linaanzia, na hiyo ndiyo kazi ya makala hii. Mwisho wa filamu umeelezwa humu. Asiyeitazama bado, na asiyependa kuharibiwa utamu, aitazame kwanza.

Arrival ilitoka mwaka 2016. Iliongozwa na Denis Villeneuve, na skripti iliandikwa na Eric Heisserer kutokana na hadithi ya Ted Chiang, "Story of Your Life", iliyochapishwa mwaka 1998. Vyombo 12 vyeusi, virefu kama maghorofa, vinakuja na kuelea karibu na ardhi sehemu mbalimbali za dunia: Montana nchini Marekani, Shanghai, Venezuela, Sierra Leone, Sudan na kwingineko. Jeshi la Marekani linamchukua Dk. Louise Banks, mwanaisimu (Amy Adams), pamoja na mwanafizikia Ian Donnelly (Jeremy Renner). Kila baada ya saa 18 mlango wa chombo unafunguka. Ndani, nyuma ya ukuta unaopitisha mwanga, wapo viumbe wenye miguu saba wanaoitwa heptapodi. Ian anawapa majina wawili wanaojitokeza: Abbott na Costello. Kanali Weber (Forest Whitaker) ana swali moja tu la kupeleka kwao, nalo ni kwa nini wamekuja.

Swali fupi lenye kazi ndefu

Tukio bora la kiisimu katika filamu nzima halina hata kiumbe mmoja wa ajabu. Weber anamuuliza Louise kwa nini anapoteza muda kuwafundisha wageni maneno ya watoto wa shule, "tembea", "kula", majina ya watu, wakati wakubwa wanasubiri jibu. Louise anaandika ubaoni swali ambalo jeshi linataka kuuliza, yaani lengo lenu duniani ni nini, kisha analichambua kipande kwa kipande.

Kwanza, wageni lazima wajue swali ni kitu gani: kwamba kuna maneno yanayotolewa ili mwingine arudishe taarifa. Kiumbe anaweza kuwa na lugha tajiri isiyo na tabia hiyo kabisa. Pili, lazima wajue kama anaulizwa mmoja aliyesimama mbele yako au wote walioko katika vyombo 12. Kiingereza kina shida hapa, kwani neno lao la kuonyesha kitu ni cha mmoja unayesema naye au cha wengi ni lilelile. Sisi tunaosema "lako" na "lenu" hatuioni shida hiyo mpaka tuoneshwe. Tatu, neno "lengo" linadai kwamba wanatenda kwa kukusudia. Je, kama wanaenda wanakoenda kwa silika, kama ndege wahamao? Mwisho, hata wakielewa yote hayo, Louise mwenyewe lazima awe na maneno ya kutosha kuelewa jibu. Orodha ya maneno ya kitoto inayomchosha Weber ndiyo njia fupi kuliko zote.

Awali Weber alikuwa amempelekea Louise sauti iliyorekodiwa ya viumbe hao akitaka itafsiriwe ofisini. Louise alikataa, na alikuwa na haki. Sauti peke yake, bila tendo wala kitu kinachoonekana, haina mlango wa kuingilia. Ungeweza kusikiliza redio ya lugha usiyoijua kwa miaka 10, ukajua miziki yake yote, na usijue neno la "maji". Maana hupatikana pale sauti au alama inapotokea pamoja na jambo ambalo pande zote mbili zinaliona kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ilibidi aende.

Kazi ya nyanjani inavyofanyika kweli

Njia anayoitumia Louise ipo. Wanaisimu huitumia wanapokutana na msemaji ambaye hawana naye lugha yoyote ya kati, wala mkalimani. Kenneth Pike wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa akiionyesha mbele ya hadhira: analetewa msemaji wa lugha asiyoijua, mezani kuna majani, vijiti na mawe, na kabla watu hawajatawanyika ubao umejaa maneno, sentensi na dondoo za sarufi.

Njia hiyo ionekane kwa mfano wa lugha yetu. Mtafiti asiyejua hata neno moja la Kiswahili ameketi na mzee katika kijiji cha pwani. Anainua jiwe. Mzee anasema "jiwe". Anainua mawili, anapata "mawe mawili". Anachukua kijiti, "kijiti", kisha viwili, "vijiti viwili". Ndizi: "ndizi", "ndizi mbili". Anawaonyesha watoto wanaopita: "watoto wawili". Vitu vinne tu, na tayari daftari lake lina tatizo zuri. Mbili ni ipi: mawili, viwili, mbili au wawili? Akiyapanga chini kwa chini anaona kipande "-wili" kikibaki pale pale huku mwanzo ukibadilika kufuata jina. Ndizi ndiyo inayomsumbua, anaiwekea alama ya kuuliza na kuendelea. Hajafundishwa ngeli na mtu yeyote, lakini ameshazigusa.

Sasa anataka vitenzi. Anaachia jiwe lianguke. Mzee, kwa adabu zake, anasema: "Pole!" Mtafiti anaandika daftarini: *pole*, kuanguka. Anaonyesha mti kwa kidole, na mzee anayedhani anaulizwa kidole anamjibu "kidole". Anaandika: *kidole*, mti. Makosa haya yanatokea kweli, na hakuna msomi aliye salama nayo, kwa sababu kila tendo lina mambo mengi ndani yake na mtu anayejibu ndiye anayechagua lipi alitaje.

Dawa yake ni kubadilisha jambo moja tu kila mara. Aangushe kijiti, halafu mzee mwenyewe aangushe jiwe, halafu jiwe lisukumwe na upepo au mtoto. Mzee anapoangusha mwenyewe hasemi "pole", anasema "limeanguka". Kijiti "kimeanguka", mawe "yameanguka". Kinachobaki katika yote ni "-meanguka", na "pole" inatoka mahali pake pasipo haki. Kisha inakuja hatua ambayo watu wa nje hawaitarajii: mtafiti anakosea kwa makusudi. Anasema "kijiti limeanguka" na kumtazama mzee usoni. Mzee akicheka au akisahihisha, "kimeanguka, bwana", sahihisho hilo moja lina thamani kuliko sentensi 10 sahihi alizozirekodi kimya kimya. Linamwambia mpaka wa kanuni uko wapi.

Ukiwa na hayo kichwani, rudi kwa Louise. Anaandika neno la Kiingereza la "binadamu" kwenye ubao mweupe na kujionyesha. Anavua nguo nzito ya kinga, jambo linalowatia hofu wanajeshi, kwa sababu mgeni hawezi kujua unajionyesha wewe au unaonyesha ngozi ya plastiki ya rangi ya chungwa uliyoivaa. Halafu anaandika jina lake na Ian anaandika lake. Sasa kuna neno moja linalowahusu wote wawili na maneno mawili yanayohusu kila mmoja peke yake, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha aina na mtu. Baadaye Ian anatembea ili wapate "Ian anatembea". Mwanaisimu akitazama hapo anatabasamu. Utayarishaji wa filamu ulimtumia Jessica Coon, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha McGill ambaye amefanya kazi za nyanjani katika lugha za jamii ya Maya, na mkono wake unaonekana.

Lakini hata njia hii imesimama juu ya dhana ambayo huwa haisemwi. Mwanafalsafa Quine aliieleza mwaka 1960 kwa mfano wa sungura: sungura anapita mbio, mwenyeji anatamka neno, nawe unaandika "sungura". Umejuaje kwamba hakusema "kitoweo", au "mbio", au "sehemu za sungura zisizotengana"? Kwa binadamu tunaokolewa na ubinadamu wenyewe. Watoto wote, wa Mombasa na wa Montreal, wakisikia neno jipya huanza kwa kudhani ni jina la kitu kizima. Mtafiti na mzee wanagawana macho, mikono, njaa na aibu. Kiumbe mwenye miguu saba, asiye na mbele wala nyuma, huenda asione "kitu kizima" mahali tunapokiona sisi, na orodha ya kawaida ya maneno 100 ya msingi ambayo Morris Swadesh aliwaachia wanaisimu, yenye mkono, damu, mfupa, jua na mbwa, nusu yake ingekuwa haina maana. Filamu inalipita hili haraka. Inatupa mfululizo wa picha Ian akisimulia, na ghafla Louise ana msamiati. Kazi inayorukwa pale katikati ndiyo ingemla miezi au miaka.

Wachina, Mahjong na neno "silaha"

Kila nchi yenye chombo inajaribu njia yake. Wachina wanatumia mchezo wa Mahjong. Louise anashtuka anapolijua hilo, na watazamaji wengi hawaelewi kwa nini. Sababu ni kwamba mchezo unaleta na sarufi yake: kuna mpinzani, kuna hatua, kuna kushinda na kushindwa. Ukimfundisha mtu kuzungumza kwa vifaa hivyo tu, kila atakachosema kitakuwa na sura ya ushindani hata kama hakukusudia. Kwa hiyo wageni wanapoulizwa lengo lao na kujibu alama inayosomwa kama "kutoa silaha", majeshi yanashika bunduki. Louise anasema alama hiyo inaweza kuwa "chombo" au "zana" vilevile. Kosa limefanyika mapema, siku ya kuchagua vifaa vya kufundishia, wala halitokani na siku ya kutafsiri.

Ian, kwa upande wake, alikuja akitaka kuanza na hesabu. Wanasayansi wa kweli waliokwisha kujaribu kuzungumza na anga wamefikiri hivyohivyo. Tarehe 16 Novemba 1974, darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha ujumbe wa vipigo 1,679 kuelekea kundi la nyota la M13, umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 25,000. Namba hiyo ilichaguliwa kwa sababu inagawanyika kwa 23 na 73 tu, namba tasa zote mbili, ili mpokeaji mwerevu apange vipigo katika mraba mrefu na kuona picha: namba 1 hadi 10, namba za atomi za elementi za uhai, umbo la binadamu, sayari zetu. Ulimalizika kwa chini ya dakika 3. Ni kazi nzuri ya kichwa, na udhaifu wake ni uleule wa sauti iliyorekodiwa ya Weber: hakuna wa kukusahihisha. Jibu, hata likija kwa kasi ya mwanga, litafika miaka ipatayo 50,000 baada ya ujumbe kurushwa. Njia ya Louise ina mtu wa pili chumbani.

Maandishi yasiyoandika sauti

Hapa wengi hujikanganya, kwa hiyo twende polepole. Heptapodi wana mifumo miwili. Kuna mngurumo wao, ambao koo la binadamu haliwezi kuutoa. Na kuna duara za wino wanazozitoa hewani, kila duara likiwa na vijitawi na mabaka yanayobeba maana. Duara hizo *haziandiki* mngurumo ule. Ni lugha nyingine kabisa.

Kwetu binadamu maandishi ni nguo ya usemi. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuvikwa za Kilatini, na kilibaki Kiswahili. Hata herufi za Kichina, ambazo watu hudhani ni picha tupu, nyingi sana zina kipande kinachodokeza matamshi. Tulichonacho kinachokaribia maandishi ya heptapodi ni vitu kama alama za barabarani au "2 + 2 = 4": kila mtu anazisoma kwa lugha yake, na zenyewe hazina sauti. Hazitoshi, hata hivyo, kusimulia habari ya jana au kuomba radhi. Za heptapodi zinatosha.

Duara hizo zilichorwa na msanii Martine Bertrand, na watengenezaji wakajipatia hazina ya alama zipatazo 100 zenye maana iliyopangwa. Uchambuzi wa kompyuta unaoonekana kwenye skrini za kambi ulihusisha Stephen Wolfram na mwanawe Christopher, walioandika programu halisi ya kuzichambua alama hizo. Ndiyo maana, kwa mara moja katika sinema, kompyuta za nyuma hazioneshi upuuzi unaopepesa tu.

Duara halina mwanzo wala mwisho. Ili uliandike kwa mkupuo, ni lazima ujue kabla ya kuanza maneno yote ya sentensi na nafasi ambayo kila moja litachukua. Ian anaeleza: ni kama kuandika sentensi kwa mikono miwili ukianzia pande zote mbili. Kutoka hapo filamu inaruka hadi kwenye hitimisho kwamba wenye maandishi hayo wanauona muda wote kwa pamoja.

Mruko huo ndio chumvi yenyewe, na msemaji wa Kiswahili ana namna rahisi ya kuuona. Sema: "Kimevunjika kile kikombe changu kikubwa." Kabla hujatamka "kikombe", ulishaweka "ki-" kwenye kitenzi na tena kwenye "kile". Sarufi ilikulazimisha kujua mwisho wa sentensi ulipokuwa bado mwanzoni. Kila Mswahili hufanya hivyo siku nzima bila kutoka jasho. Lakini ulichokijua mapema ni mpango wako mwenyewe wa sekunde mbili tatu, nao ulikuwa kichwani mwako tayari. Hukujua lolote kuhusu kikombe kitakachovunjika kesho. Heptapodi anayeandika duara zuri naye anathibitisha kwamba anaipanga sentensi yake vizuri, basi.

Je, lugha inabadilisha akili?

Filamu inalitaja jina la dhana yenyewe: nadharia ya Sapir na Whorf. Edward Sapir alikuwa mwanaisimu mkubwa wa Marekani. Benjamin Lee Whorf, mwanafunzi wake, aliajiriwa katika bima ya moto na kufanya isimu kwa mapenzi. Kuna matoleo mawili ya nadharia hii, na watu hubishana kwa sababu mmoja anasema hili na mwenzake anajibu lile.

Toleo kali linasema lugha ni ukuta: usilo na neno lake huwezi kuliwaza. Whorf alidai kwamba Wahopi wa Arizona hawana maneno wala sarufi inayoelekeza moja kwa moja kwenye kile tunachokiita muda. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu cha kurasa zaidi ya 600 kilichojaa mifano ya Wahopi wakizungumza kuhusu muda. Dai likafa, ingawa mtandaoni bado linatembea.

Toleo jepesi linasema lugha ni mazoea: hukuzoeza kuangalia baadhi ya mambo upesi kuliko mengine. Hili lina ushahidi. Kirusi kina maneno mawili ya lazima kwa bluu ya mwanga na bluu ya giza, na utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha Warusi wakizitofautisha upesi kidogo zaidi pale rangi mbili zinapoangukia pande tofauti za mpaka huo. Tofauti ni sehemu ndogo ya sekunde. Wasemaji wa Kuuk Thaayorre huko kaskazini mwa Australia, ambao hutaja mashariki na magharibi mahali sisi tungesema kushoto na kulia, walipewa picha za mtu akizeeka wazipange. Walizipanga kutoka mashariki kwenda magharibi, vyovyote walivyokuwa wamekalishwa.

Afrika Mashariki ina kesi yake, na inakaa jirani kabisa na mada ya filamu. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba Mwafrika wa jadi ana yaliyopita marefu, ana yaliyopo, na karibu hana yajayo. Alichukua maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kuwa majina ya pande mbili za muda huo. Sehemu ya ushahidi wake ilikuwa sarufi: njeo za wakati ujao katika Kikamba na Gikuyu, alisema, hazifiki mbali zaidi ya miezi sita hivi, au miaka miwili kwa kuzidi sana. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa mifano ya Kiakan. Na hoja inaweza kupingwa nyumbani pia. Kiswahili kina "-ta-" moja tu: "nitakuja kesho" na "jua litazimika baada ya miaka bilioni 5" vinapanda gari moja. Njeo haipimi urefu wa mawazo ya mtu. Anayepanda mnazi anajua kwamba atasubiri miaka kabla ya dafu la kwanza, hata kama kitenzi chake hakisemi ni mingapi.

Kwa hiyo Louise anapoanza kuota kwa Kiheptapodi, filamu iko ndani ya toleo jepesi. Wengi waliojifunza lugha ukubwani wameota kwa lugha hiyo. Anapoanza kukumbuka yajayo, imevuka hata toleo kali, kwani Whorf mwenyewe hakuwahi kudai kwamba sarufi inampa mtu habari za mambo ambayo hayajatokea. Ni ubunifu, na ni haki ya msanii. Kosa ni la mtazamaji anayetoka akisema isimu imethibitisha.

Hadithi ya Chiang ina nguzo moja ya fizikia ambayo filamu iliiondoa, na bila hiyo sehemu hii inaonekana kama uchawi. Mwanga ukipita kutoka hewani kwenda majini hupinda. Majini unakwenda kama kilomita 225,000 kwa sekunde badala ya karibu 300,000. Mwanahisabati Fermat alionyesha mwaka 1662 kwamba njia unayoifuata ndiyo inayochukua muda mfupi kuliko zote. Utasema basi mwanga ulijua unakokwenda kabla ya kuondoka! Chiang analitumia hilo kusema kwamba ulimwengu uleule unaweza kusomwa kwa namna mbili: sababu ikifuatwa na tokeo, au mwanzo na mwisho vikitazamwa kwa pamoja. Hadi hapo ni fizikia safi; hesabu za namna zote mbili hutoa majibu yaleyale. Mwanga wenyewe haujui kitu. Ni wimbi, linapita kila njia, na njia nyingine zote hufutana zenyewe kwa zenyewe.

Yule binti, basi

Filamu inaanza na mtoto anazaliwa, anacheza, anaugua, anafariki. Halafu tunamwona Louise peke yake, mpole, nyumba kimya, akienda kufundisha. Sote tunasoma: mama aliyefiwa. Hakuna mahali filamu imesema hivyo. Tumelisoma kwa sababu ya mazoea ya sinema: picha inayotangulia, ikifuatwa na uso wa mtu mwenye mawazo, huwa ni kumbukumbu. Mhariri Joe Walker ametumia sarufi tuliyokwisha kuijua kutudanganya, na hilo ni jambo la akili kuliko hila nyingi za mwisho wa filamu.

Ukweli ni kwamba Hannah, yule binti, hajazaliwa bado wageni wanapokuja. Baba yake ni Ian, ambaye Louise anakutana naye kwa mara ya kwanza kwenye helikopta. Kadiri lugha inavyomwingia ndivyo vipande vya yajayo vinavyomjia, na yeye mwenyewe anashangaa. Akiwa mbele ya Costello anauliza mtoto huyu ni nani. Ukitazama mara ya pili, sikiliza Hannah anapomuuliza mama yake neno la kitaalamu la mapatano ambayo pande zote zinafaidika. Louise halikumbuki. Linatamkwa na Ian kambini, na hapo ndipo Louise wa miaka ya mbele anapolipata. Jina Hannah nalo linasomeka sawa kutoka pande zote mbili, na muziki wa Max Richter unaofungua filamu ndio unaoifunga. Muziki huo ulikuwepo kabla ya filamu, na ndio uliofanya muziki wa Jóhann Jóhannsson, mtunzi wa filamu yenyewe, ukataliwe kushindania Oscar. Filamu iliteuliwa katika vipengele 8 na kushinda kimoja, cha uhariri wa sauti. Amy Adams hakuteuliwa, na waamuzi wa mwaka ule wanastahili kuulizwa.

Fundo gumu zaidi ni simu ya Jenerali Shang. China iko karibu kushambulia. Louise anaona sherehe ya miezi 18 baadaye ambapo Shang anamwonyesha namba yake ya simu na kumnong'oneza maneno ya mwisho ya marehemu mkewe. Anarudi na habari hizo kwenye sasa yake, anapiga, anayasema kwa Kichina, vita inazuiwa, na kwa sababu imezuiwa sherehe inafanyika, na kwenye sherehe anapewa namba. Namba hiyo ilitoka wapi? Kutoka popote. Ni mzunguko, na ndani yake hakuna kinachopingana na kingine: kila kipande kinasababisha kinachofuata. Kinachokosekana ni chanzo. Ukikubali kwamba muda wote upo tayari, kama duara la wino, huna haja ya chanzo. Usipokubali, hakuna maelezo yatakayokuridhisha, na filamu haijaribu kuyatoa.

Hadithi ya Chiang haina simu hiyo wala vita vya kuzuiwa, na hapo zinatofautiana kimsingi. Kwenye hadithi, anayejua yajayo hayatumii kama silaha. Anayatimiza, kama mtu anayesema "naapa" mbele ya hakimu akijua fika kwamba atasema hivyo. Filamu ilihitaji hatari ya dunia nzima ili watu wakae kwenye viti, ikalipa kwa kuufanya ujuzi wa kesho kuwa kitu cha kutumika leo. Mara hiyo mtazamaji ana haki ya kuuliza: kama aliweza kuzuia vita, kwa nini asimwokoe mwanawe?

Watengenezaji waliliona swali hilo likija, na walichokifanya ni kubadilisha kifo. Kwenye hadithi binti anakufa akiwa na miaka 25, katika ajali ya kupanda miamba. Onyo moja la simu lingetosha kumzuia asiende siku ile, na Chiang analazimika kutumia ukurasa baada ya ukurasa kueleza kwa nini onyo hilo halitolewi. Kwenye filamu Hannah anafariki akiwa bado kijana kwa ugonjwa adimu usio na tiba. Hakuna simu ya kupiga. Chaguo pekee lililobaki linafanyika kabla hajazaliwa, Ian anapomwuliza Louise kama anataka wapate mtoto. Ian hajui lolote wakati huo. Atakapoambiwa, miaka baadaye, ataondoka, akiamini kwamba Louise alichagua vibaya. Louise anamjibu ndiyo.